Presha Inayobaki Kwenye Paipu

Mpira wa mafuta uliotolewa kwenye Porsche 911 ya miaka ya 1970 hauonyeshi uzee wake kwa nje. Umevishwa kitambaa cha pamba kilichofumwa, kimelowa vumbi na oili, na ukiushika mkononi utadhani ni mzima. Upasue kwa kisu kwa urefu, kama mtu apasuavyo muhogo, ndipo hali yake itajitokeza. Ukuta wa ndani umekauka na unang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Ukiupinda kidogo unalia, kisha unafunguka nyufa nyembamba zinazokimbilia kwenye kitambaa. Kidoleni unabaki unga mweusi. Unga huo ni mpira wenyewe, na kama gari lingeendelea kutembea ungefika kwenye nozeli.

Magari ya kale yenye injeksheni kama hilo si mengi upande wa bara wa Mombasa. Machache yamefunikwa turubai kwenye nyua za Bamburi na Shanzu, mengine yamesimama kwa miaka nyuma ya gereji za Changamwe yakisubiri speya. Uchache huo unaweza kumfanya msomaji aone kwamba hapa pana shida ya watu wenye fedha za kuchezea. Hesabu inasema vingine. Kenya huruhusu gari la mtumba liingie nchini likiwa halijazidi miaka minane, na magari mengi yanayoshushwa Kilindini huwa yamekaribia ukomo huo. Yote yana injeksheni. Yatakaa barabarani miaka kumi na tano mingine, pengine ishirini. Yanayolipata gari la kale leo ni taarifa ya mapema juu ya kundi kubwa linalofuata nyuma yake.

Historia ya magari haya Afrika Mashariki ni ndefu. Katika Safari Rally ya 1974, Björn Waldegård alimaliza wa pili akiendesha Porsche 911 Carrera RS, gari lenye pampu ya injeksheni ya Bosch inayozungushwa kwa mkanda kutoka kwenye injini. Mwaka uliofuata Ove Andersson alishinda kwa Peugeot 504. Tangu 2003 mashindano ya East African Safari Classic yamekuwa yakiyarudisha barabarani magari ya kizazi hicho, na mara kadhaa yameanzia na kuishia Mombasa. Waldegård huyohuyo alishinda kwa 911 mwaka 2011, na Stig Blomqvist akafanya vivyo hivyo mwaka 2015. Mtu asidanganywe na picha za magari hayo yakiruka mitaro. Gari la mashindano huvuliwa mipira yake yote kabla ya kuondoka, hufungwa mipya, na hupokelewa na mafundi kila kituo. Kumaliza kwake mbio hakuthibitishi chochote kuhusu gari lililoegeshwa uani kwa miaka sita.

Ili kuelewa kinachooza, ni lazima kwanza kuelewa kinachobebwa. Kabureta huletewa mafuta kwa presha ndogo mno, robo ya bar au karibu na hapo. Mpira ukipasuka, mafuta hutiririka na dereva huyanusa. Injeksheni ni jambo jingine. Mfumo wa Bosch uitwao D-Jetronic hufanya kazi kwa takriban bar 2, sawa na upepo wa tairi la gari dogo. K-Jetronic, uliofungwa kwenye 911 kuanzia 1973 na baadaye kwenye Mercedes-Benz, Audi na Volvo nyingi, hukaribia bar 5. Kwenye injeksheni ya pampu ya mkanda, kila silinda ina paipu yake nyembamba ya nailoni, na mafuta hayapiti humo kwa utulivu, hupiga. Injini ya silinda 6 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila paipu hupokea mapigo 3,000 kwa dakika, yaani 50 kwa sekunde. Mwendo huo ukidumu saa moja, mapigo ni 180,000. Nailoni iliyokauka haichoki taratibu kama kamba ya katani inayolegea uzi mmoja mmoja. Huvumilia, huvumilia, kisha hukatika pale inapoingia kwenye nipeli.

Mpira wa mafuta wa enzi hizo kwa kawaida ni nitraili. Kiwandani huchanganywa na vilainishi ili upindike bila kupasuka. Petroli huvitoa vilainishi hivyo kidogo kidogo tangu siku ya kwanza, lakini yenyewe hukaa mahali pake ndani ya mpira na kuufanya uvimbe, kwa hiyo mpira unaotumika kila siku huendelea kuonekana laini. Hatari huanza gari linapoegeshwa. Mafuta hukauka na nafasi vilimokuwa vilainishi hubaki tupu. Mpira hunywea, ukawa mgumu na mdogo kuliko ulivyotoka kiwandani. Hivyo mwenye gari anayelitunza kwa kutoliendesha ndiye anayeuharakisha mwisho wa mipira yake. Jambo hili ni gumu kumweleza mtu ambaye kila Jumapili hulifuta vumbi gari lake na kulifunika tena.

Juu ya hayo huja joto. Wanakemia wana kanuni ya makadirio kwamba kasi ya mabadiliko ya namna hii huongezeka karibu maradufu kwa kila nyuzi 10 zinazopanda. Wastani wa joto la mwaka Stuttgart, magari hayo yalikotengenezwa, ni nyuzi 10 hivi. Wa Mombasa ni takriban 26. Kwa kanuni hiyo, mpira uliolala kivulini Kisauni huzeeka karibu mara tatu ya pacha wake aliyebaki Ujerumani, na hapo injini haijawashwa hata mara moja. Kanuni ni ya jumla na haifai kuchukuliwa kama kipimo cha maabara. Lakini hata ikikosea kwa theluthi, muda wa miaka kumi ulioandikwa kwenye vitabu vya matengenezo vya Ulaya hauna maana hapa.

Paipu za chuma zinazopita chini ya gari zina adui wao. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji hewani na kuyeyuka pale unyevu unapofikia asilimia 75. Pwani yetu huvuka kiwango hicho usiku karibu mwaka mzima, kisha jua la mchana hukausha. Chembe ya chumvi iliyotua kwenye paipu huko Likoni kwa hiyo haikai kama vumbi. Kila usiku hugeuka tone la maji makali, kila adhuhuri hurudi kuwa chembe. Kutu haianzii mahali panapoonekana. Huanzia chini ya vishikizo vinavyoibana paipu kwenye bodi, kwa kuwa humo unyevu hauondoki. Ukuta wa paipu hiyo hauzidi milimita moja. Fundi anayepitisha tochi chini ya gari ataona paipu iliyopakwa rangi, safi kabisa, na pale penye kishikizo hataona kitu.

Mafuta yenyewe nayo hayakubaki yaleyale. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kwa karibu nusu karne sehemu kubwa ya petroli iliyochomwa Kenya ilipita kwenye minara yake. Mwanzoni mwa 2006 risasi iliondolewa kwenye petroli. Kwa afya ya watu uamuzi huo hauna mjadala. Ila risasi ilikuwa njia rahisi ya kupandisha okteni, na ilipoondoka kazi hiyo iliangukia vitu vingine, vikiwemo viambato vya jamii ya aromatiki kama tolueni na zileni, ambavyo nitraili huvinywa na kuvimba. Mwaka 2013 kiwanda kikaacha kusafisha mafuta ghafi, na tangu hapo petroli yote huja kwa meli ikiwa imeshasafishwa kwingine. Mchanganyiko wa meli moja si lazima ufanane na wa meli iliyotangulia, ingawa zote mbili zinatimiza viwango.

Mabadiliko hayo yanaumiza kwa njia ambayo mara nyingi haieleweki. Mpira mpya huvimba na kunywea bila kulalamika. Mpira mzee umepoteza uwezo huo: ukishavimba kwa mafuta ya aina moja ukakaa hivyo miaka, ukiletewa mafuta yenye aromatiki kidogo hunywea, na klipu iliyokuwa imebana sasa inazunguka kwa kidole. Marekani walilishuhudia hili mwaka 1993 kwa upande wa dizeli. Salfa ilipopunguzwa, aromatiki nazo zilipungua, na pampu za zamani zikaanza kuvuja kwenye sili zao wakati mpya zikiendelea salama. Uchakachuaji huingia hapahapa. Serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuuzuia, na ukubwa wa ushuru huo wenyewe unaeleza ukubwa wa tatizo lililolengwa. Mafuta ya taa hayaili nitraili. Kazi yake mbaya ni kuuvuruga uwiano ambao mpira mzee ulikuwa umeuzoea.

Wapo wanaolaumu ethanoli, kwa kuwa ndiyo inayolaumiwa Ulaya. Uingereza iliifanya petroli yenye ethanoli hadi asilimia 10 kuwa ya kawaida mwaka 2021, na wenye magari ya kale kule wana haki ya kulalamika. Kenya ilijaribu ethanoli ya miwa ya Muhoroni miaka ya 1980, mradi ukafa. Anayetafuta chanzo cha nyufa za mpira uliozeekea Mombasa atafute kwanza joto, kuegeshwa na chumvi. Kisingizio kilichoazimwa mbali kina kasoro moja kubwa: humfanya mtu aamini kwamba hapa yuko salama.

Sasa tuingie dukani. Mpira wa mafuta huuzwa kwa mita, ukining'inizwa mlangoni kwa mizunguko pamoja na ya maji na ya breki, jua la Kongowea likiupiga tangu asubuhi. Kwa macho, mpira wa kabureta na mpira wa injeksheni ni kitu kimoja: vyote vyeusi, tundu la milimita 8, vyote vina uzi katikati. Tofauti imo kwenye maandishi madogo ubavuni. Alama ya R6 au R7 ya kiwango cha Marekani humaanisha mpira uliopimwa kwa presha ya kazi ya takriban bar 3.4. R9 ni wa bar 7 hivi, na ndani yake una utando wa fluoroelastoma ambao petroli haiupenyi kirahisi. K-Jetronic inahitaji wa pili. Ukifungwa wa kwanza, gari litawaka, litatembea, na litarudi kwa mwenyewe likiwa limepona. Mpira huo hautapasuka siku hiyo wala mwezi huo. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na R9, na ipo mipira yenye alama ya R9 ambayo aliyeichapa alihitaji wino tu. Mpira wa kuaminika pia huchapwa robo ya mwaka na mwaka uliotengenezwa, jambo la maana sana kwa bidhaa inayozeeka ikiwa haijauzwa. Kata mita moja ya mpira wa mlangoni, uugeuze pande zote, uangalie kama kuna tarehe.

Klipu nayo ina habari zake. Ile ya skrubu yenye matundu, ambayo kila gereji inayo kwenye kopo, huuma mpira kwa kingo zake na kuukata taratibu kila inapokazwa. Inayotakiwa kwenye injeksheni ni yenye kingo zilizokunjwa na tumbo laini, inayobana duara lote kwa usawa. Ni kipande cha bati tu. Mpira mzuri wa R9 uliofungwa kwa klipu mbaya utaanza kutoa unyevu mahali uliposhikwa, na fundi atakachofanya ni kuikaza zaidi.

Ufundi wenyewe umepungua, na hapa inafaa kuwa makini, kwa sababu ni rahisi kumlaumu kijana wa jua kali kwa kosa ambalo si lake. Pampu ya Kugelfischer iliyokuwa kwenye Peugeot 404 na 504 za injeksheni, au ile ya Bosch kwenye 911, ilihitaji fundi aliyekaa na mwalimu wake miaka, mwenye mashine ya kuipimia na kitabu. Kazi zilipokwisha, mashine ziliuzwa chuma chakavu na wanaojua wakazeeka. Kijana wa leo Changamwe ni hodari wa kompyuta: huchomeka waya, husoma namba ya hitilafu, hubadilisha kifaa. Gari la K-Jetronic halina pa kuchomeka. Linataka geji ya presha yenye mikondo miwili, nayo hana, kwa sababu gari la namna hiyo humfikia mara moja kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo hufanya linalowezekana: huubadilisha mpira unaovuja na kuiacha minane isiyovuja. Yule wa jirani, aliyepindwa ili kupisha spana, hupata ufa wake wa kwanza siku hiyohiyo.

Suluhisho la wengine ni kung'oa injeksheni yote na kufunga kabureta. Kwa mwenye gari asiye na speya wala fundi, uamuzi huo si wa kijinga. Presha hushuka na mipira hupata nafuu. Ubaya ni kwamba mara nyingine pampu ya umeme ya zamani huachwa mahali pake. Sindano ya kabureta haikuundwa kuzuia presha ya injeksheni. Mafuta huisukuma, hufurika, na kushuka kwenye manifoldi. Gari limebadilishwa kuwa la hatari zaidi kuliko lilipokuwa limeharibika.

Ukaguzi hausaidii. Matatu na malori hukaguliwa kila mwaka: breki, taa, usukani, tairi, moshi. Gari la mtu binafsi linaweza kupita miaka mingi bila kutazamwa na yeyote asiye fundi wake. Hata mkaguzi makini ataona nini? Mpira uliovikwa kitambaa, paipu iliyopakwa rangi, mfumo ambao siku hiyo hauvuji. Anachokagua ni hali, na uzee wa mpira unataka tarehe, ambayo haikuandikwa popote.

Tuseme basi ufa umefunguka, gari likiwa mwendoni. Chukua tundu la nusu milimita kwenye presha ya bar 5. Kwa hesabu ya kawaida ya vimiminika litatoa takriban robo lita kwa dakika, na halitadondosha, litarusha ukungu. Dereva hatajua. Pampu ya K-Jetronic husukuma lita moja na nusu au zaidi kwa dakika, nyingi kuliko injini inavyohitaji, na ziada hurudi tangini. Mfumo ukianza kuvuja, kidhibiti presha hupunguza tu kinachorudi. Presha haishuki, injini haikohoi, na sindano ya dashibodi haisogei. Ubora wa mfumo ndio unaoficha ugonjwa wake.

Ukungu huo haushiki moto kwa sababu tu umegusa bomba la moto, kama watu wanavyodhani. Petroli inaweza kuangukia chuma chenye joto kali ikageuka mvuke bila kuwaka. Kinachouwasha kwa kawaida ni cheche: waya wa plagi uliopasuka ngozi, distributa, brashi za alteneta. Vyote hivyo vina umri uleule wa mipira. Kwenye 911 feni ya kupoza injini huendelea kuleta hewa, na injini nyingi za 911 zilizotengenezwa kati ya 1968 na 1977 zina bodi ya magnesi, metali ambayo ikishika moto haizimwi kwa maji. Ulinzi uliobaki ni relei inayozima pampu injini ikisimama. Relei hizo hufa, mpya ni ghali, na njia ya mkato inajulikana kila gereji: kipande cha waya kinachounganisha moja kwa moja. Gari huwaka vizuri zaidi kuliko jana, na pampu haisimami tena hadi ufunguo ufungwe.

Ufunguo wenyewe unafungwa wapi? Mara nyingi kwenye foleni ya feri, Likoni, saa tisa alasiri. Magari yamesimama, gari lililokuja kwa kasi kutoka Ukunda limezimwa ili lisipate joto. Injini ikizimwa, upepo nao hukatika, na kwa dakika kumi na tano hadi ishirini za mwanzo joto chini ya boneti hupanda badala ya kushuka. Ndani ya K-Jetronic kuna chombo kidogo cha chuma chenye springi, kilichowekwa makusudi ili mafuta yasigeuke mvuke injini ikiwa moto: hushikilia presha ya bar 2 au zaidi kwenye paipu muda huo wote, pampu ikiwa imelala. Mpira uko kwenye joto lake kali kabisa la siku, na bado umejaa. Dereva ameshuka, ameegemea mlango, ananunua mihogo ya kukaanga. Nyuma yake pana tangi lake, mbele yake pana matatu iliyojaa abiria, na feri imeanza kufungua lango.